Isukuti ama Biti ya Laptopu? Mambo Unafaa Kujua Kabla Utoe Wimbo

Kama umewahi kaa karibu na mashabiki wa AFC Leopards, ama ukaenda Khayega kucheki fahali wakipigana, hiyo sauti unaijua. Siku hizi unaiskia pia kwa nyimbo zimetengenezewa bedsita, na laptopu moja tu. Sasa tofauti iko wapi?

Isukuti ni nini?
Ni densi ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Jina limetoka kwa ngoma zenyewe. Zinapigwa tatu pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, zikisindikizwa na pembe ya swara na njuga za chuma. Fundi anachimba gogo mpaka ndani libaki wazi, kisha anawamba ngozi ya kenge. Ngozi ikilegea, inapashwa joto ndio ikaze tena.

Laptopu inafanya nini?
Prodyusa anarekodi pigo moja, analikata, analipanga kwa programu kama FL Studio. Ni rahisi, haichoki, na unaituma Mombasa kwa WhatsApp. Lakini pigo ni lile lile kila saa. Mpigaji wa ukweli anacheki miguu ya wachezaji na kumskiza anayeongoza wimbo. Wakichemka, naye anachemka.

Noma iko wapi?
2014, UNESCO iliweka isukuti kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Wengi wanaoijua ni wazee na hawana wa kuwarithi. Doh na vifaa vya kutengeneza ngoma ni shida, na watu wanapendelea burudani ya kisasa. Hiyo biti yako inaweza kubakisha sauti. Haiwezi kubakisha mkono wa fundi.

Ufanye nini?
Usinyakue tu sauti mtandaoni. Kenya iko na sheria ya 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za kijadi, na inataka jamii yenyewe ikubali kwanza. Panda matatu uende Shinyalu ama Ikolomani, ongea na kikundi, mkubaliane malipo. Rekodi ngoma zote tatu zikipigwa pamoja, si moja moja. Andika majina yao kwa wimbo. Na kabla utoke, muulize mzee kama anaweza kukufunza kuwamba. Laptopu itakungoja. Mzee, hatujui.