Sifa ya Kubadilisha Mpangilio katika Kujumlisha

Sifa ya kubadilisha mpangilio ni kanuni ya hisabati isemayo kuwa jumla ya namba mbili haibadiliki zinapobadilishana nafasi: a + b = b + a. Mkulima wa Mang'ola, wilayani Karatu, akipakia magunia 12 ya vitunguu kisha 30, au 30 kisha 12, lori hubeba magunia 42. Vivyo hivyo mfugaji wa Ngorongoro huhesabu mbuzi 15 na kondoo 40, au kondoo kwanza, akapata mifugo 55.

Kanuni hii hurahisisha hesabu za kichwa. Mtoto anayetafuta 3 + 48 huanzia 48, kisha huhesabu 49, 50, 51. Vilevile 17 + 58 + 3 hupangwa upya kuwa 17 + 3 + 58, yaani 20 + 58 = 78.

Kuzidisha kuna sifa hii; kutoa na kugawanya havina: 9 − 4 ni 5, lakini 4 − 9 ni −5.

Mfaransa François-Joseph Servois aliipa sifa hii jina la kitaalamu mwaka 1814. Mwaka 1861, Mjerumani Hermann Grassmann aliithibitisha kwa namba kamili.