Pikapu za umeme: Mambo anayopaswa kuyatarajia mmiliki

Nchi kadhaa za Afrika Mashariki na majirani zake zimechukua hatua za kuwavuta wenye magari watoke kwenye mafuta na kuhamia umeme. Mwezi Januari 2024 Ethiopia ilitangaza kuwa haitaruhusu tena kuingizwa nchini magari binafsi yanayotumia petroli au dizeli, ikieleza kuwa ununuzi wa mafuta unamaliza fedha zake za kigeni. Rwanda iliidhinisha mwaka 2021 kuondolewa kwa ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani kwa magari ya umeme. Kenya ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari hayo kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019, na mwaka 2023 ikaweka bei maalumu ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri.

Walionufaika kwanza ni wenye pikipiki, mabasi ya mijini na magari madogo. Pikapu imekuja nyuma yao, na kwa sababu inayoeleweka. Pikapu ni chombo cha kazi. Hubeba maziwa alfajiri, saruji mchana na mafundi jioni, na mara nyingi hupita barabara ambazo gari dogo halithubutu. Ikisimama njiani, mwenye nayo hupoteza mzigo na mapato ya siku. Kwa hiyo swali la mnunuzi si kama gari la umeme ni zuri, bali kama litaimaliza kazi yake ya siku na kurudi nyumbani.

Magari yaliyopo

Pikapu ya umeme ya Rivian R1T ilianza kuwafikia wateja Marekani mwezi Septemba 2021. Ford ilifuata na F-150 Lightning mwaka 2022. Magari hayo ni makubwa na ya bei ya juu, na hayakutengenezwa kwa ajili ya soko la Afrika. Mwezi Desemba 2025 Ford ilitangaza kusitisha utengenezaji wa Lightning ya umeme mtupu, na kwamba itakayofuata itakuwa na jenereta ya mafuta ndani yake ya kuchaji betri safarini. Uamuzi huo unaonyesha jinsi mzigo mzito na safari ndefu vilivyo mtihani kwa gari la aina hii.

Kwa msomaji wa ukanda huu, majina ya karibu zaidi ni mawili. Isuzu imeanza kutengeneza nchini Thailand D-Max ya umeme yenye betri ya kilowati-saa 66.9, inayobeba takriban tani moja na kuvuta trela la hadi tani 3.5. Kwa vipimo vinavyotumika Ulaya, hutembea kilometa 263 kwa chaji moja. Toyota nayo ilizindua Hilux mpya mjini Bangkok mwezi Novemba 2025, ikiwa na toleo la umeme lenye betri ya kilowati-saa 59.2. Toleo hilo hubeba kilo 700 hivi na kuvuta takriban tani 1.6, ilhali Hilux ya dizeli hubeba tani moja na kuvuta hadi tani 3.5. Watengenezaji wa China pia wanazo pikapu za umeme, zikiwemo za Maxus na Riddara.

Ipo pia njia ya tatu, ya kulibadilisha gari la zamani. Kampuni ya Roam, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2017 kwa jina la Opibus, ilibadilisha Land Cruiser za kutembeza watalii kwa kutoa injini ya dizeli na kuweka mota na betri. Gari la mbugani lilifaa kwa sababu hutembea polepole, hurudi kambini kila jioni, na ukimya wake huwanufaisha wageni na wanyama pia.

Umbali hupungua mzigo unapoongezeka

Tangi la lita 80 la dizeli hubeba nishati ipatayo kilowati-saa 800. Injini huitumia takriban theluthi moja tu, iliyobaki hupotea kwa joto. Mota ya umeme hupoteza kidogo sana, lakini huanza na akiba ndogo: betri ya D-Max haifiki hata sehemu ya kumi ya nishati iliyomo ndani ya tangi hilo. Ndiyo sababu pikapu ya dizeli huweza kupita kilometa 700 bila kujaza, na ya umeme ikaishia karibu na 250.

Idadi hiyo ya kilometa hupimwa gari likiwa halina shehena nzito. Mzigo ulio ndani ya bodi huipunguza kiasi. Trela huipunguza sana, hasa likiwa refu na pana, kwa sababu gari hulazimika kusukuma hewa nyingi zaidi. Majaribio yaliyofanywa Marekani kwa F-150 Lightning na pikapu nyingine yameonyesha mara kwa mara kwamba kuvuta trela kubwa hukata umbali kwa nusu au zaidi. Mwenye gari la kilometa 250 anayevuta trela la ng'ombe anapaswa kupanga safari ya kilometa 120, na bado ajiwekee akiba.

Kasi nayo ina gharama yake. Gari la umeme hutumia kidogo zaidi mjini, penye kusimama na kuondoka, kuliko kwenye barabara kuu kwa kilometa 110 kwa saa. Hali hiyo ni kinyume cha mazoea ya madereva wa dizeli.

Milima: hasara na faida

Nyanda za juu za Ethiopia, Kenya, Rwanda na Burundi huleta hesabu nyingine. Pikapu yenye uzito wa tani 3.2 pamoja na mzigo, ikipanda mita 1,000, hutumia takriban kilowati-saa 10 zaidi ya zile ambazo ingetumia kwenye tambarare. Hizo ni sawa na kilometa 40 za safari. Kutoka Adama hadi Addis Ababa, mwendo wa kilometa 100 hivi, barabara hupanda zaidi ya mita 600. Dereva asishangae betri ikishuka haraka wakati wa kwenda kuliko wakati wa kurudi.

Kwenye mteremko mota hugeuka jenereta. Hulipunguza gari kasi na kurudisha sehemu ya nishati kwenye betri, na breki hazichomeki kama zinavyochomeka kwa lori linaloshuka kwa kukanyaga pedali muda wote. Jambo moja la kuangalia ni kwamba betri iliyojaa kabisa haina nafasi ya kupokea umeme huo, hivyo anayeishi juu ya mlima hufanya vyema kuondoka nyumbani betri ikiwa haijafika asilimia 100.

Faida nyingine ni hewa. Injini ya mafuta huhitaji oksijeni, na katika mji kama Addis Ababa, ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, huweza kupungukiwa nguvu. Mota ya umeme haihitaji hewa ya kuunguza chochote, hivyo nguvu yake ni ileile Mombasa na Addis Ababa.

Kuchaji nyumbani na njiani

Mmiliki wengi wao watachaji nyumbani au kazini usiku. Soketi ya kawaida ya ukutani, ikitoa kilowati 2.4, huhitaji zaidi ya siku nzima kuijaza betri ya kilowati-saa 67 iliyokwisha. Hata hivyo saa nane za usiku kwa soketi hiyo huongeza kilometa 70 hivi, nazo huwatosha wengi wa mjini. Chaja ya ukutani ya kilowati 7.4 huongeza takriban kilometa 200 kwa muda huohuo. Chaja ya haraka ya kilowati 50 huhitaji karibu saa moja kuifikisha D-Max kutoka asilimia 20 hadi 80.

Chaja ya nyumbani iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye kabati la umeme, pamoja na waya mzuri wa ardhini. Kazi hiyo ifanywe na fundi umeme mwenye leseni. Waya mwembamba wa kuunganishia, uliopitishwa dirishani na kubeba mkondo mkubwa usiku kucha, hupata moto na unaweza kuunguza nyumba.

Plagi ni jambo ambalo wanunuzi wengi huligundua wakiwa wamechelewa. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la China yana soketi ya mfumo wa GB/T. Yaliyotengenezwa kwa Ulaya hutumia CCS2, na magari kadhaa ya Japani, ikiwemo Nissan Leaf, hutumia CHAdeMO. Gari lenye soketi isiyolingana na vituo vya njia yake litabaki kutegemea soketi ya nyumbani. Mnunuzi aulize kwanza vituo vya barabara anayoipita vina plagi ipi, kisha ndipo achague gari.

Kukatika kwa umeme ni hofu ya kweli. Mwenye gari hujikinga kwa kutosubiri betri iishe: kuichaji kila jioni, hata kidogo, ni bora kuliko kuisubiri ifike asilimia 10. Kwa upande mwingine, baadhi ya pikapu hizi huweza kutoa umeme. F-150 Lightning iliweza kutoa hadi kilowati 9.6, zinazotosha kuendesha nyumba, pampu ya maji au mashine ya kuchomelea vyuma.

Hesabu ya fedha

Hesabu ya mafuta dhidi ya umeme ni nyepesi. Pikapu ya umeme ya ukubwa wa Hilux hutumia takriban kilowati-saa 25 kwa kilometa 100. Ukijumlisha zinazopotea wakati wa kuchaji, mita ya nyumbani itasoma uniti 28 hivi. Pikapu ya dizeli hutumia lita tisa hivi kwa umbali huohuo. Mmiliki azidishe bei ya uniti moja kwa 28, azidishe bei ya lita ya dizeli kwa tisa, kisha alinganishe. Nchini Kenya, anayetumia bei maalumu ya kuchajia magari hulipa nusu kwa saa za usiku zenye matumizi madogo, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi. Vituo vya haraka vya barabarani kwa kawaida hutoza zaidi ya bei ya nyumbani.

Kigumu ni bei ya kununulia, ambayo bado iko juu ya ile ya dizeli. Ikiwa tofauti ni shilingi milioni moja na mmiliki anaokoa shilingi 1,000 kwa kila kilometa 100, atahitaji kilometa 100,000 kuirudisha. Anayetembea kilometa 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ataifikia katika mwaka wa nne. Anayetembea kilometa 30 kwa siku atasubiri zaidi ya miaka 11. Kwa maneno mengine, gari hili halimlipi anayeliegesha, wala halimfai anayesafiri kilometa 500 kwa siku. Linamlipa aliye katikati.

Gereji, matairi na betri

Hakuna mafuta ya injini ya kubadilisha, wala klachi, nozeli au mkanda wa injini. Breki hudumu zaidi. Lakini matairi huisha mapema kwa sababu gari ni zito na nguvu yake huja kwa ghafla, na barabara za changarawe hazipunguzi adhabu hiyo. Maji ya kupoza betri, mpira wa sharubu za magurudumu na betri ndogo ya volti 12 bado vinahitaji kukaguliwa. Jiwe likigonga chini ya gari, sanduku la betri likaguliwe kabla ya safari nyingine.

Nyaya za rangi ya chungwa ndani ya magari haya hubeba umeme wa mamia ya volti. Fundi asiye na mafunzo asizifungue. Kabla ya kununua, ni busara kujua gereji ya karibu yenye fundi aliyefunzwa iko wapi, kwa kuwa kulivuta gari kilometa 300 kwa hitilafu ndogo hufuta akiba ya miezi mingi.

Betri yenyewe huchakaa taratibu. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya miaka minane au kilometa 160,000, wakiahidi kuwa uwezo wake hautashuka chini ya asilimia 70. Joto kali huharakisha uchakavu, hivyo kuegesha kivulini kuna maana. Betri za fosfati ya chuma huvumilia kuchajiwa mara nyingi na hazina kobalti, madini ambayo sehemu kubwa zaidi duniani huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Anayenunua gari lililotumika adai kipimo cha afya ya betri kilichosomwa kwa kompyuta, kwani kilometa za dashibodi pekee hazisemi ukweli wote, na ahakikishe kama dhamana inatambulika katika nchi anayoliingiza.

Nani ahame sasa

Rwanda ni mfano mzuri wa mahali ambapo umbali hauleti tabu kubwa: kutoka Kigali hadi Huye ni takriban kilometa 130. Msambazaji wa vifaa vya ujenzi anayezunguka Kigali, mkusanya maziwa anayerudi kiwandani kila asubuhi au hoteli ya mbugani yenye paneli za jua wanaweza kuhama bila kubadilisha sana kazi zao. Mfanyabiashara anayebeba mzigo kutoka Mombasa hadi Nairobi, kilometa 480 zenye mpando wa zaidi ya mita 1,600, bado anahudumiwa vizuri zaidi na dizeli.

Njia rahisi ya kuamua ni kuandika kwa mwezi mmoja kilometa za kila siku, uzito wa mzigo na mahali gari linapolala. Ikiwa siku ndefu kuliko zote haizidi nusu ya umbali anaoutangaza mtengenezaji, na gari hulala penye umeme, pikapu ya umeme itaimaliza kazi. Ikiwa inazidi, daftari hilo litakuwa limemwokoa mmiliki kabla hajalipa.