Madoa ya floraidi kwenye meno
Madoa ya floraidi ni mabadiliko ya rangi ya meno yanayotokana na floraidi kuzidi mwilini meno yakiwa bado yanaumbika, kabla ya miaka 8 hivi. Nchini Tanzania yameenea hasa Arusha, Kilimanjaro na Manyara, ambako floraidi ya miamba ya volkano huyeyuka katika chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Magadi ya kuivishia maharage nayo huiongeza.

Doa huanza na mistari myeupe kama chaki, kisha huweza kugeuka kahawia. Jino likizidiwa humeguka. Mswaki hauliondoi doa, hata usugue kwa mkaa. Aliyekulia Meru, Arusha, akihamia Gongo la Mboto, Dar es Salaam, kicheko chake ndani ya daladala hutaja kwao kabla hajasema. Kumwita mchafu ni kumwonea.

Kwa mwenye madoa aliyepoteza jino, kipandikizi, yaani skrubu ya titani inayopachikwa kwenye mfupa wa taya, ni tiba ya pengo, si ya doa. Jino bandia la juu yake haling'ai kwa dawa ya kung'arisha, hivyo meno jirani hung'arishwa kwanza, ndipo rangi yake ichaguliwe.