Leza ya Miguu Ilianza na Panya wa Budapest

Wasee, ukifanyiwa upasuaji wa mguu siku hizi, unaweza kuambiwa ulipie leza ya kupunguza uvimbe na maumivu. Kabla utoe pesa, sikiza hii historia.

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman, Marekani, 1960. Mwaka 1967, daktari wa upasuaji Endre Mester wa Budapest, Hungaria, alitaka kujua kama miale hiyo inaleta saratani. Akanyoa panya, akawamulika. Saratani haikuja. Kilichokuja ni nywele: ziliota haraka kuliko za panya ambao hawakumulikwa!

Kumbe mwanga wake ulikuwa hafifu, hauchomi. Baadaye Mester akaupeleka kwa watu wenye vidonda sugu vya miguu, na tiba mpya ikazaliwa.

Lakini panya si kifundo cha mguu. Mwaka 1998, watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio la watu 217 walioteguka kifundo. Leza haikushinda mashine ya kuigiza.

Je, ni uongo mtupu? Hapana. Huu mwanga una kipimo kama dawa: ukiwa kidogo mno haufanyi kitu, ukizidi unaweza kuzuia kupona. Ndiyo maana jina "leza" pekee halitoshi.

Kwa hivyo muulize fisio wako: dozi ni gani, na imesaidia watu wenye upasuaji kama wangu? Akibabaika, rudi kwa daktari aliyekupasua kabla hujalipa. Mguu ni wako, na pesa pia.