Kibaba cha Mfuto: Hesabu ya Jikoni kutoka Malindi hadi Matrah

Katika ukoo wetu kuna kauli inayorudiwa kila panapokuwa na karamu: kwamba Unguja tulikula bila kuhesabu, na kwamba kubana matumizi tulijifunza Omani, tulipofika miaka ya 1970 na masanduku mawili matatu. Kauli hiyo nimeisikia tangu utotoni, tena kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Lakini daftari la marehemu bibi yangu mzaa baba, ambalo leo liko mikononi mwangu, lasema vingine.

Ni daftari la shule lenye mistari, limeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nalo lahusu miaka ya 1950 katika nyumba ya Malindi, Mji Mkongwe. Hamna ndani yake nasaba wala mashairi, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyeling'ang'ania wakati wa kugawana vitu. Kuna mchele, samli, sukari, mafuta ya taa, ng'onda na kuni, na kando ya kila kitu kipimo chake na bei yake.

Nianze na ukweli usiopendeza. Ile enzi ya kula bila kuhesabu ilikuwepo, ila ilikuwa ya kizazi cha babu yake bibi, na aliyelipa gharama yake hakuwa mwenye nyumba. Mzee huyo alikuwa na shamba la mikarafuu Pemba, na kama wenye mashamba wenzake, nyumba yake ililishwa kwa jasho la watumwa. Muhogo, ndizi, nazi, kuku na mayai viliingia jikoni bila kupitia sokoni. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku mwaka 1873, na mwaka 1897 utumwa wenyewe ukaondolewa nguvu ya sheria Unguja na Pemba. Kuanzia hapo, pole pole, kazi ya shambani ikawa na ujira, na kilichoingia jikoni kikawa na bei. Mashamba mengi yakawekwa rehani kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na bei ya karafuu ilipoanguka katika miaka ya 1930, wenye mashamba wengi walibaki na jina la ukubwa na deni lisilokwisha. Naamini hesabu ya bibi ilizaliwa katika deni hilo. Wanaume walizungumza habari za heshima barazani. Wanawake ndani walipima mchele.

Na mchele wenyewe haukuwa wetu. Tangu karne ya 19, ardhi na mikono ilipoelekezwa kwenye karafuu, Unguja ilizoea kula mchele wa kuletwa na vyombo kutoka ng'ambo. Bei yake iliamuliwa mbali, na mwanamke wa Malindi hakuwa na sauti juu yake. Alichoweza kuamua ni mambo mawili tu: anunue lini, na apike kiasi gani.

Kiasi kilipimwa kwa kibaba. Vijana wetu wanaijua ile methali ya haba na haba, lakini wengi hudhani kibaba ni neno la methali tu. Kilikuwa chombo, kama ratili moja na nusu za mchele. Vibaba vinne vikafanya pishi. Tena kulikuwa na kibaba cha tele, kilichojazwa hadi kikafanya kichuguu juu, na kibaba cha mfuto, kilichopitishwa kijiti mdomoni kikawa sawasawa. Tofauti ya viwili hivyo, ikirudiwa siku thelathini, ni chakula cha siku kadhaa. Bibi alinunua kwa tele na akapika kwa mfuto. Katika daftari, nyumba ya watu kumi na wanne inapikiwa vibaba vitano siku za kawaida, na sita na nusu Ijumaa, kwa kuwa Ijumaa haikosi mgeni. Jioni hakuna mchele kabisa: kuna muhogo wa nazi, ndizi mbichi, shelisheli au majimbi kwa kufuata kilichojaa Darajani wiki ile.

Gunia alilinunua mara chache, fedha za karafuu zikishaingia, na hakulinunua peke yake. Nyumba tatu za jirani ziliungana, gunia likafunguliwa uani, likagawiwa kwa pishi mbele ya macho ya wote. Aliyenunua kibaba kimoja kimoja dukani kila siku alilipa zaidi kwa mchele ule ule, na mara nyingi alikuwa ndiye maskini zaidi. Jambo hilo halijabadilika popote nilipoishi.

Nilijiuliza kwa muda mrefu kwa nini bibi aliandika kila kitu, yeye ambaye kichwa chake hakikusahau siku ya kuzaliwa ya mtoto yeyote wa mtaa. Jibu nililipata nilipoona alama ndogo za wino mwekundu mwishoni mwa kila mwezi. Duka walilokuwa wakikopa lilikuwa na daftari lake, na mwenye duka ndiye aliyeandika. Daftari la bibi lilikuwa jibu la daftari la dukani. Mwisho wa mwezi mtoto alitumwa kusomewa deni, akarudi na hesabu, na bibi akalinganisha mstari kwa mstari. Palipotofautiana, alivaa buibui akaenda mwenyewe.

Kuhusu wakati wa kununua, mwalimu wake alikuwa upepo. Majahazi ya Omani, ya Ghuba na ya Hadhramaut yalishuka kwa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, yakileta tende, chumvi na papa mkavu. Kusi likianza, yakarudi na boriti na karafuu. Nyumba yetu haikuwa mbali na Funguni, yalikotia nanga. Mtu angetarajia tende zinunuliwe Desemba, zikiwa ndiyo kwanza zimeteremshwa, na wengi walifanya hivyo kwa hamu. Katika daftari, tende zinaonekana Machi. Nahodha anayengojea upepo wa kurudi hataki kubaki na makanda ya tende kwenye chombo. Bibi alisubiri hadi subira ya nahodha ikaisha.

Mengine yalikuwa mambo ya sufuria. Nazi ilikunwa mara moja na kukamuliwa mara mbili au tatu: kasimile kwa mchuzi, tui jepesi kwa kuchemshia muhogo, na chicha kwa kuku. Ukoko haukutupwa. Nyama ilipokuwa kidogo na watu wengi, ilipikwa bokoboko, ambapo ngano na nyama hupondwa pamoja hata asiwepo wa kusema nani kapata mnofu na nani kakosa. Watu huku hukisifu chakula hicho kuwa cha sikukuu, na ni kweli, lakini nahisi aliyekibuni alikuwa na wageni wengi na mbuzi mmoja.

Mara mbili hesabu hii yote ilishindwa. Mara ya kwanza ni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942 na mchele wake ukakatika. Ukaja mgao, nao ukafuata kabila: mchele ulielekezwa zaidi kwa Waarabu na Waasia, na Waafrika wakapewa nafaka nyingine, kana kwamba kila tumbo lina asili yake. Katika familia yetu habari hii husimuliwa kama bahati. Mimi naiona kama jeraha. Watu waliokula sahani moja siku ya maulidi waliandikwa katika orodha mbalimbali, na swali la wewe ni nani likawa swali la utakula nini. Aliyetafuta sababu za chuki za miaka ya baadaye na azitazame pia kadi za chakula.

Mara ya pili ni baada ya Mapinduzi ya 1964, hasa mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ilipopunguza mno uagizaji wa chakula kwa nia ya kujitegemea. Mchele, sukari na unga vikawa vya mgao na foleni. Bibi alikuwa na ujuzi wa nusu karne wa kununua kwa wakati na kwa kipimo, na ujuzi huo haukumfaa kitu, kwa sababu hapakuwa na cha kununua. Daftari halina mstari hata mmoja wa miaka hiyo. Milango ya biashara ilifunguliwa tena Zanzibar katikati ya miaka ya 1980. Sisi tulikuwa tumekwisha kuondoka.

Tulifika Matrah katika Omani iliyokuwa ikijengwa upya tangu Sultan Qaboos ashike utawala Julai 1970. Hapa ndipo kauli ya wazee wangu inapokosea zaidi. Omani haikumfundisha bibi kubana, ilimpindulia bei. Alivyovihesabu Unguja kama vya anasa, yaani mchele mzuri, tende na samli, hapa vilikuwa chakula cha kila nyumba. Na vilivyokuwa vya bure au karibu na bure, yaani nazi, muhogo, shelisheli na ndizi za kupika, vikawa adimu au ghali. Nazi zaota Dhofar, lakini Salalah si Darajani. Hata kalenda yake iligeuka: tende alizozingoja kwa kaskazi zilikuwa zikivunwa nyuma ya nyumba za watu katika joto la kiangazi, naye akajifunza kununua fardh kwa kanda wakati wa mavuno.

Kwa miezi michache tu, kwa ninavyosimuliwa, aliliwazia lile aliloliacha. Kisha akabadilisha jiko. Tui likawa la Ijumaa. Jioni ya muhogo ikawa jioni ya mkate na maharage. Papa, ambaye kule alikuja kwa jahazi, hapa alimkuta sokoni na jina la Kiarabu, akamnunua kwa furaha ya mtu aliyekutana na jirani ugenini. Pesa za huku zikaitwa baisa, ndugu wa karibu wa neno letu pesa, na akazihesabu kwa ukali ule ule.

Sisi wajukuu tumefanya kinyume chake, tukidhani tunamuenzi. Nimepitia risiti za nyumba yangu za mwaka mmoja. Muhogo wa kugandishwa, tui la kopo, ndizi zilizosafiri kwa ndege na maembe yasiyo msimu vilichukua sehemu kubwa kuliko mchele, tende na samaki vikijumlishwa. Tunalipia kumbukumbu kwa kilo. Sisemi tuache, Ramadhani bila muhogo wa nazi mimi mwenyewe siitaki. Lakini bibi hakula muhogo kwa sababu ya mapenzi. Aliula kwa kuwa ulikuwa tele na bei ndogo, na angekuwa hai leo angeuliza kilicho tele hapa.

Kilicho tele hapa ni samaki, na samaki ana kalenda. Nguru hufungiwa kuvuliwa kuanzia 15 Agosti hadi 15 Oktoba kila mwaka ili azaliane. Anayemtaka miezi hiyo hana budi kula wa akiba. Sisi sasa twanunua wazima kabla ya Agosti, ndugu wanne kwa pamoja, tunawakata na kugawana, kisha twala dagaa na jodari hadi bahari ifunguliwe. Tende twanunua wakati wa mavuno. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 ilipoanza Aprili 2021, vyakula vingi vya msingi viliachwa nje yake, na mwanangu wa kike ndiye aliyekaa na orodha kuangalia kipi kimo na kipi hamna, kwa kalamu nyekundu. Hakuna aliyemwambia habari za kalamu ya bibi.

Kibaba chenyewe hakikusafiri nasi. Bibi alipofika alichukua kopo tupu la maziwa, akapima, akajaribu, akapima tena, hadi akajua makopo mangapi yanatosha watu wangapi. Kopo hilo lilipopata kutu likaja jingine, na jingine. Lililoko jikoni kwangu leo hupimiwa mchele wa watu sita: makopo matatu, ya mfuto.