Wino Kabla ya Bendera

Kila Desemba tunapokusanyika kuadhimisha Jamhuri, watoto wetu husikia habari za Kapenguria na maana ya rangi za bendera. Mwaka huu tungependa wajue pia habari za mzee mmoja aliyeishi hapa hapa London, akiwa gadi wa treni za chini ya ardhi. Huenda baadhi yetu tulipanda treni yake bila kumjua. Aliitwa Henry Muoria, na kabla ya kuja huku alikuwa mhariri.

Muoria alikuwa mfanyakazi wa reli. Mwaka 1945 alianzisha gazeti la Kikuyu, Mumenyereri, yaani mlinzi. Siku hizo, gazeti kubwa la Nairobi, East African Standard, lilikuwa sauti ya walowezi, na Baraza, la Kiswahili, lilitoka katika kampuni hiyo hiyo tangu 1939. Mwafrika aliyedai ardhi yake mara nyingi alijikuta akiitwa mchochezi au mtu aliyepotoshwa na wachochezi.

Kuandika jibu halikuwa jambo gumu. Kazi ilikuwa kupata wa kulipiga chapa. Wengi waliokubali kuwapigia Waafrika chapa walikuwa Wahindi wa Nairobi, nao hawakusalimika. Girdhari Lal Vidyarthi, mwenye gazeti la Colonial Times na lile la Kiswahili, Habari za Dunia, alifungwa zaidi ya mara moja katika miaka ya 1940 kwa kosa la uchochezi. Tunapohesabu mashujaa wetu tusimsahau huyu. Muoria naye hatimaye alinunua mtambo wake mwenyewe.

Nakala moja ya gazeti haikuwa ya mtu mmoja. Aliyejua kusoma alisoma kwa sauti, wengine wakamzunguka.

Halafu kuna hadithi ya nyimbo. Watu walichukua mahadhi ya nyimbo za kanisani, wakayatungia maneno mapya ya kumsifu Kenyatta na kudai ardhi, wakayapiga chapa katika vijitabu na kuviuza hadharani. Mzungu asiyejua Kikuyu akipita karibu na mkutano alisikia wimbo wa Jumapili, akaenda zake. Louis Leakey, aliyeijua lugha hiyo tangu utotoni, alieleza katika kitabu chake cha 1954 jinsi nyimbo hizo zilivyoeneza ujumbe. Sisi tuliolelewa kanisani hucheka kila tunapolikumbuka jambo hili.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa, na magazeti ya siasa ya Waafrika yakapigwa marufuku. Mwandishi na mchapishaji Gakaara wa Wanjau alikamatwa usiku huo, akawekwa kizuizini kwa miaka mingi, kwa muda fulani kisiwani Manda, huko Lamu. Humo aliandika shajara kwa siri. Ilipochapishwa kuwa kitabu ilipata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Muoria alinusurika kwa sababu moja tu: wakati huo alikuwa Uingereza.

Magazeti yalipozimwa, habari zilihamia midomoni, na uvumi pamoja nazo. J. M. Kariuki, aliyekuwa kizuizini, ameeleza jinsi wafungwa wenzake walivyozigawa habari mafungu mawili. Zilizothibitishwa waliziita Manyani Times. Zilizokuwa fununu tu waliziita Waya Times. Walikuwa nyuma ya seng'enge, hawana karatasi wala redio, lakini kabla ya kupeleka neno mbele walisema ni la fungu gani. Vijana wetu wanaotutumia habari za nyumbani kwa simu usiku wa manane wangetusaidia sana kwa kufanya hivyo, nasi wazee vilevile, maana sisi ndio tunaoongoza kwa kuzisambaza.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 karatasi zilirudi. Chama cha Tom Mboya jijini Nairobi kilitoa jarida lililoitwa Uhuru, lililodurufiwa kwa stensili. Wazazi wengi watakumbuka stensili kutokana na mitihani ya shule: unapiga taipu juu ya karatasi ya nta, unaifunga kwenye ngoma ya mashine, unazungusha mkono, na wino unapenya palipotobolewa. Mashine yenyewe hutosha mezani. Machi 1959 polisi waliwavamia viongozi wa chama, na jarida likapigwa marufuku. Neno lenyewe halikuzuilika.

Wala hayakuisha mwaka 1963. Mwaka 1982 karatasi ya siri iliyoitwa Pambana ilisambazwa nchini, na katika miaka iliyofuata Wakenya walifungwa kwa kukutwa tu na maandishi ya aina hiyo. Baadhi yetu tuko huku kwa sababu ya miaka ile.

Muoria hakurudi kuendesha mtambo wake. Aliendelea kuandika huku akifanya kazi yake ya treni. Mwaka 1994, miaka 42 baada ya gazeti lake kufungwa, kitabu chake kilichapishwa nchini Kenya. Alifariki mwaka 1997, akiwa bado mkazi wa London.