Jina la Esposito katika Shajara Yetu: Asili Yake na Maana Yake



Napenda kutimiza agizo la Kamati ya Umoja wetu, iliyonitaka nieleze jambo moja katika shajara iliyochapishwa ndani ya kijitabu hiki. Mwenye kuipitia atakuta, katika tawi la marehemu dada yetu mkubwa, jina la Esposito. Limeingia kwa njia ya ndoa. Mjukuu wa dada yetu aliolewa Uingereza na kijana ambaye wazee wake walitoka Napoli, kusini mwa Italia, nao wamejaaliwa watoto watatu. Wapo miongoni mwetu waliouliza kama inafaa watoto hao waandikwe katika shajara. Wapo pia waliopata kusikia maana ya jina hilo wakalitamka kwa kejeli, na watoto wenyewe wanasikia, kwamba ni jina la watu wasio na asili. Kwa kuwa maneno hayo yamekwisha kusemwa hadharani, ni haki majibu yake nayo yatolewe hadharani.

Jina hili hutamkwa kwa kukazia silabi ya pili: e-SPO-si-to. Chimbuko lake ni neno la Kilatini, expositus, maana yake aliyewekwa nje, aliyeachwa mahali pa wazi. Hivyo ndivyo walivyoitwa watoto wachanga walioachwa na wazazi wao. Mjini Napoli kulikuwa na nyumba kubwa ya hisani, Annunziata, iliyoanzishwa katika karne ya 14, yenye kanisa, hospitali na makao ya watoto wa namna hiyo. Katika ukuta wake ulioelekea barabarani palikuwa na tundu, na ndani ya tundu pipa la mbao lenye kuzunguka. Aliyemleta mtoto alimweka ndani ya pipa, akalisukuma, na mtoto akajikuta upande wa pili mikononi mwa watumishi wa nyumba. Aliyeleta hakuonekana uso, wala hakuulizwa jina.

Waliowaacha watoto wao hawakuwa wa namna moja. Wapo waliozaa nje ya ndoa wakaogopa aibu, na wapo wanandoa halali ambao umaskini uliwashinda. Baadhi yao walimfunga mtoto kitambaa, au walimwachia karatasi yenye maneno machache, au nusu ya medali iliyokatwa makusudi, wao wakabaki na nusu ya pili, kwa tamaa kwamba siku moja watarudi na vipande viwili vitaungana. Wachache walirudi. Na watoto wenyewe, wengi wao walifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Waliobaki walinyonyeshwa na wanawake walioajiriwa na nyumba ile, wengine wakapelekwa kwa walezi mashambani.

Mtoto alipopokelewa aliandikwa daftarini: siku aliyofika, umri aliokisiwa kuwa nao, nguo alizovaa na alama aliyokuja nayo. Lililokosekana ni jina la baba. Basi badala yake akaandikwa Esposito, na yeye alipokua akaoa akawarithisha wanawe jina hilo. Kwa njia hiyo neno lililokuwa maelezo ya hali ya mtoto mmoja likageuka kuwa jina la ukoo. Miji mingine ya Italia ilifanya vivyo hivyo kwa maneno yake. Roma walipewa jina la Proietti, yaani waliotupwa. Firenze, kwenye makao yaliyosanifiwa na Brunelleschi na kupokea watoto tangu mwaka 1445, waliitwa Innocenti, yaani wasio na hatia. Bologna waliitwa Degli Esposti. Na wengi wenye jina la Colombo mjini Milano wamelipata kutokana na njiwa, aliyekuwa nembo ya hospitali iliyowalea.

Wakati wa utawala wa Joachim Murat, aliyekuwa mfalme wa Napoli kuanzia 1808 hadi 1815, desturi ya kuwapa watoto wote wa Annunziata jina moja ilikomeshwa, kwa sababu ilionekana kuwa ni kumtia mtoto alama ya kudumu. Tangu hapo walibuniwa majina mbalimbali. Pipa lenyewe lilifungwa mwaka 1875, na tundu lake lingali linaonyeshwa kwa wageni. Lakini waliokwisha kuitwa Esposito hawakulitupa jina lao. Walizaa, wakaenea, na katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo ya karne ya 20, mamilioni ya Wataliana walipohamia Marekani na Argentina, jina likavuka bahari pamoja nao. Leo Esposito ndilo jina la ukoo lililoenea kuliko yote mjini Napoli, na ni miongoni mwa matano yanayoongoza Italia nzima, pamoja na Rossi, Russo, Ferrari na Bianchi. Wamo mawakili, wavuvi, madaktari na wacheza mpira. Mwigizaji mashuhuri wa Marekani, Giancarlo Esposito, alizaliwa Copenhagen mwaka 1958. Baba yake ni mtu wa Napoli, na mama yake alikuwa mwimbaji wa opera, Mmarekani mweusi. Watoto wetu watatu, basi, si wa kwanza kulichukua jina hilo wakiwa na damu ya Afrika na ya Italia.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Kwa kuwa jina hili walipewa watoto wengi wasiohusiana, wenye kuitwa Esposito hawana babu mmoja. Wawili wakikutana barabarani, jina halitoshi kuwafanya ndugu. Na sisi je? Sisi tuko kinyume chao kabisa. Babu yetu ni mmoja, lakini jina letu si moja.

Kwa desturi ya kwetu mtu hutajwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, na kila kizazi mnyororo husogea hatua moja. Tulipotawanyika baada ya mwaka 1964 tulikutana na fomu zenye nafasi ya jina la ukoo, na kila mmoja akajaza alivyoweza. Waliokwenda Muscat waliandikwa kwa jina la kabila lenye "Al" mbele yake. Waliofika London waliandikwa kwa jina la babu. Waliokwenda Marekani waliandikwa kwa jina la baba. Matokeo yake, watoto wa ndugu watatu wa tumbo moja wana majina matatu tofauti katika pasi zao, na wajukuu wao wanaweza kukaa darasa moja wasijuane. Tukisema kwamba jina ndilo asili, basi kwa hukumu hiyo hiyo sisi wenyewe tumekwisha kupotezana.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Esposito wa kwanza wa kila mlango alikuwa mtoto aliyekosa wazazi akapata walezi, na akaja kuwa mzazi wa watu. Kizazi chake hakikuanza na fedheha bali kilianza na mtu aliyenusurika. Wala sisi tusijione wageni wa majina ya dhiki. Pwani yetu imejaa kina Shida na kina Tabu, walioitwa hivyo kwa sababu ya siku walizozaliwa, na hatujapata kuwavunjia heshima kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba watoto hawa wabaki katika shajara, chini ya jina la mama yao na nyanya zao, na jina la Esposito liandikwe bila kufupishwa wala kufichwa. Na kwa ukoo mzima naomba tuige lile jema la makarani wa Annunziata, ambao walimwandika hata mtoto asiyekuwa na mwenyewe. Kila nyumba ilete kwa Kamati majina kamili ya watu wake, wa kiume na wa kike, mwaka na mahali pa kuzaliwa kila mmoja, pamoja na jina aliloandikiwa katika pasi. Wazee wanaokumbuka majina ya kale wanapungua kila mwaka, na asiyeandikwa leo, kesho hatakuwapo wa kumtaja.

Mwenyezi Mungu atudumishie umoja wetu. Amin.